Chapchap Aingia Ofisi ya Kweli

Jamaa alikuwa na majina sita, na kila mtaa ulijua moja tu. Bandarini walimwita Chapchap, maana cheti ambacho ofisi ilichukua siku tano kukitoa, yeye alikutolea kabla chai yako haijapoa.

Nieleze kidogo, nisije nikaambiwa nawaficha. Mzigo wowote unaoshushwa bandarini kwenda nchi jirani isiyo na bahari hauvuki mpaka bila cheti cha ufuatiliaji. Ni karatasi yenye namba, inayosema mzigo ni nini, ni wa nani, na wakala gani ataupokea, na anakaa wapi. Usipokuwa nacho, lori linakaa mpakani mpaka dereva anaota ndevu. Wafanyabiashara wenye haraka walimfuata Chapchap kwenye benchi lake, nje ya duka la fotokopi. Alichapa, akagonga muhuri aliochongewa na fundi viatu, akapokea chake, akahama benchi. Waliolizwa walipokwenda polisi waliulizwa maswali mawili tu: anaitwa nani, na anakaa wapi? Hapo kesi ikafa. Kutojulikana ndio ulikuwa mtaji wake, na siku angeupoteza angelala ndani.

Jumanne asubuhi akamwona bibi mmoja amesimama barabarani, ameshika bahasha juu chini.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Hebu nisomee, macho yangu haya ni mapambo tu."

Chapchap akaipitia karatasi. Majina aliyaruka kama kawaida yake, akatua kwenye mali: vyerehani arobaini vya umeme, vipya.

"Ni vya binti yangu," bibi akasema. "Vimekwama mpakani mwezi wa pili huu. Kuna mtu alimuuzia cheti cha uongo. Ana wasichana kumi na wawili anaowafundisha kushona, wamekaa bure, na mwisho wa mwezi anafunga darasa."

"Watu hawana haya!" Chapchap akafoka, na la ajabu ni kwamba alikasirika kweli. Vyeti alivyouza vilikuwa vingi mno, angekumbuka vipi nani alisafirisha nini?

"Sasa tunatafuta wakala mwaminifu akavipokee kule. Barua ya binti yangu hii hapa, nafasi ya jina la wakala iko wazi. Lakini mimi mjini humu simjui mtu."

"Unanijua mimi, bibi."

Mpango ulijichora wenyewe kichwani. Angevipokea vyerehani mpakani, angeviuza kulekule, kisha angeyeyuka. Tatizo lilikuwa moja. Cheti cha uongo kingenaswa mpakani, na hilo hakuna aliyelijua kuliko yeye. Kwa hiyo, jamani, kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi ya vyeti, Chapchap alilazimika kwenda kutafuta cheti halali. Mlango wa ofisi ile alizoea kuupita mbio, kama mtu aliyegombana na wakwe anavyopita kwao.

"Kitambulisho," karani wa dirishani akasema. "Na kidole weka hapa. Mashine hii haidanganywi."

Chapchap akapapasa mfuko. Vitambulisho vya mfukoni vilikuwa vitatu, na vyote vilikuwa na sura yake na uongo wa mtu mwingine.

"Jina kamili?"

"Eeh... ngoja kidogo."

"Nangoja nini? Jina lako hulijui?"

"Ana haya huyu," bibi akamtetea. "Mpe nafasi, mwanangu."

Chapchap akautazama mlango. Angeweza kuondoka. Kisha akaviona vyerehani arobaini vimepangwa mstari, vinang'aa, akainama akavua kiatu. Kitambulisho cha kweli kilitoka ndani ya soksi, kimejikunja.

"Unakaa wapi?"

Akataja mtaa. Akataja nyumba.

"Nyumba ya nani?"

"Ya mama," akasema kwa sauti ndogo.

Kukawa na ada, na faini ya kuchelewa. Bibi akapekua mkoba, akapekua tena, akashika shavu. "Yarabi! Pesa nimeziacha kitandani."

Chapchap akalipa huku meno yameumana. Baada ya siku tano za kazi wakarudi, karani akachapa nakala mbili, moja ya wakala, moja ya mwenye mzigo. Bibi akaikumbatia yake.

"Mungu akuzidishie, mjukuu wangu."

"Amina," akajibu tapeli, na alimaanisha.

Kesho yake asubuhi alikuwa chumbani anafunga begi la safari aliposikia hodi. Mama yake, ambaye miaka yote aliamini mwanawe ni ofisa wa bandari, alikwenda kufungua. Bibi akaingia, hatua za haraka, hana hata miwani. Nyuma yake binti yake, kisha wafanyabiashara saba, kila mmoja na cheti chake mkononi, na mwisho askari.

"Karibuni, karibuni!" Mama akafurahi. "Nyinyi ni wa kazini kwake?"

"Ni wateja wake," askari akasema.

Chapchap akatokea na begi. Alipomwona bibi, akakalia begi.

"Bibi... si ulisema huoni?"

"Nimefundisha shule miaka thelathini, nasoma hata mwandiko wa daktari. Hakuna aliyejua jina lako wala kwako, mjukuu wangu. Tukaona bora ujiandikishe mwenyewe."

Binti yake akamwekea barua nyingine magotini, ya kujiuzulu uwakala, ili vyerehani akavipokee yeye. Chapchap akatia sahihi bila kubishana. Ada ilikuwa imeshalipwa, faini imeshalipwa, na aliyelipa alijulikana.

Mama alivipokea vile vyeti saba, akavitazama kimoja kimoja. Wafanyabiashara wakamweleza kila kimoja kilikotoka. Halafu bibi akampa cha nane, ile nakala yake ya ofisini.

"Wanasema vyote umetengeneza wewe," Mama akamwambia mwanawe. "Hata hiki ni cha uongo?"

Chapchap akatazama sakafu.

"Hicho ni cha kweli, dada yangu," bibi akamjibu kwa upole. "Ndiyo maana tumefika."

Mama akaviweka vyeti chini. Kisha akafuta machozi kwa upande wa khanga, akavisogeza viatu kwa mguu mpaka mbele ya mwanawe.

"Vaa," akamwambia. "Askari anakungoja."