Taa ya Kijani Kichwani Mwangu

Jumatatu, 9 Februari
Zamu ya alfajiri. Kukata mapaja ya kuku, mapaja, mapaja, ndani ya chumba cha baridi. Vidole havikunjiki hata kushika kijiko. Saa kumi alasiri darasani, hapahapa kiwandani, Arkansas. Mtihani Ijumaa. Nikifaulu nahamia kubandika lebo, kwenye joto. Nikifeli, mapaja hadi nife.

Mwalimu, Bi Whitlow, katuvalisha ukanda wa kichwani unaopima ubongo. Taa ya kijani: unasikiliza. Nyekundu: umepotea. Yangu nyekundu saa nzima! Ya Obdulio pia, mtu wa El Salvador ninayesimama naye mstari mmoja wa kazi. Afadhali.

Jumanne, 10 Februari
Katikati ya hesabu za sehemu kidole kimekakamaa. Nikauma meno nisipige kelele. Taa ikawa kijani. Nikalegeza, nyekundu. Nikauma, kijani! Kumbe mashine haijui tofauti. Bi Whitlow akanisifu mbele ya wote. Sikumsikia vizuri, nilikuwa nauma.

Jumatano, 11 Februari
Bi Whitlow anasema watafiti wa ubongo wanashauri hivi: funika daftari, jiulize, sahau kidogo, jiulize tena kesho. Mimi kusahau nimeshamaliza. Nimewatangulia.

Obdulio kakata kadi kutoka maboksi ya kuku, kaandika maswali. Anajiuliza kwenye foleni ya chakula, anakosea kwa sauti, hana aibu. Nikamtania kwamba taa yake nyekundu kama nyanya.

“Cheka tu, kaka,” akasema. “Taa haitakufanyia mtihani.”

Wivu huo.

Alhamisi, 12 Februari
Gego la kushoto limepasuka. Nakunywa supu tu. Lakini picha yangu iko ukutani: Mwanafunzi Makini wa Wiki! Mke wangu Amparo kapiga simu kutoka Honduras. Nikamwambia Jumatatu nitakuwa kwenye joto. Akalia kwa furaha. Kwa nini nilisema?

Obdulio alitaka tupitie kadi pamoja. Nikakataa. Mtu makini hasomi maboksi.

Ijumaa, 13 Februari
Maswali arobaini. Niliuma meno kuanzia la kwanza. Kijani mwanzo hadi mwisho!

Nimepata sita. Obdulio thelathini na mbili.

Bi Whitlow aliutazama mchoro wa ubongo wangu uliotoka kwenye ukanda. Akauliza taratibu, “Tiburcio, muda wote huu ulikuwa unawaza nini?”

“Jino, mwalimu.”

Jumatatu, 16 Februari
Mapaja. Obdulio yuko upande wa pili wa kioo, mikono bila glavu, anabandika lebo. Hakunicheka. Ingekuwa heri angenicheka. Kaniachia kadi zake zote kabatini. Amparo sijampigia.

Gego limeng'olewa. Mtihani mwingine ni Mei. Kadi nimezitandika ndani ya viatu, maana sakafu ni barafu tupu.

Sijakata tamaa. Upande wa kulia bado nina meno yote.