Uzinduzi wa Kituo cha Many na Much

Mheshimiwa Mkuu wa Elimu. Mheshimiwa Naibu wake, aliyetuma udhuru. Mheshimiwa aliyetumwa kuuleta udhuru huo. Wazee, wazazi, mpiga picha, mke wangu mpenzi, na ninyi vijana mnaosubiri mtihani wa Kiingereza wa kuingia chuo cha uuguzi: itifaki imezingatiwa. (Makofi.)

Nimesimama mbele yenu kwa unyenyekevu mkubwa, ambao wengi wameshausifu, kuzindua Kituo cha Kimkakati cha Maneno ya Kiasi, kwani utafiti wa ofisi yangu, nilioufanya mwenyewe nikiwa garini, unaonyesha kwamba asilimia tisini ya wanaofeli mtihani ule huangushwa na "many" na "much", na asilimia ishirini iliyobaki huangushwa na "few" na "little". (Makofi. Mwalimu mstaafu anakohoa.)

Ndugu stakeholders, framework yetu ni nyepesi. Kuna vitu vinavyohesabika na visivyohesabika. Viti vinahesabika, na ndiyo maana mtu mwenye nia mbaya anaweza kuja kuuliza viko vingapi. Lakini "furniture" Waingereza wenyewe hawaihesabu, kwa hiyo katika ripoti yangu hamtakuta viti wala madawati, mtakuta "furniture", na hamtakuta vitabu, mtakuta "information", nayo ipo ya kutosha. (Mhasibu anapiga makofi peke yake.)

(Msichana, mstari wa mbele: "Samahani, mheshimiwa. Mtihani wetu ni Jumatatu. Mwalimu anaanza lini?")

Binti yangu, mvumilivu hula mbivu.

(Mama yake: "Hizo mbivu zitatuozea, baba. Mwaka jana alikosa kwa alama mbili, na mwakani umri hautamruhusu.")

Mama, nimekusikia na nimelipokea, tena kwa kuwa mimi si mtu wa maneno matupu, capacity building inaanza sasa hivi, bure. Kitu kikiwa kikubwa, tumia "much". Kikiwa kidogo, tumia "many". Much hospitals. Many sugar. Andikeni. (Vijana wanaandika. Mwalimu mstaafu anasimama, mlinzi anamketisha.)

(Mama, kwa sauti ya chini: "Futa hiyo, mwanangu." Msichana anafuta.)

Naona wanafuta na kuandika upya, dalili kwamba somo limeingia. Sasa nikisema "many", mseme "maendeleo". Many. (Wachache: "Maendeleo.") Much. (Mpiga picha: "Maendeleo.")

Nitakuwa mwizi wa fadhila nisipowashukuru vijana waliofyeka majani pale ambapo, Mungu akipenda, kuta zitasimama. Fundi seremala, aliyetuazima mlango huu niliokwisha kuukatia utepe, na anayeomba arudishiwe kabla ya saa kumi kwa kuwa wenyewe wanausubiri nyumbani kwao. Na mwalimu wa kituo, ambaye tutaanza kumtafuta bajeti ikiruhusu. Watahiniwa wa Jumatatu, nawatakia kila la heri, na mkifaulu msisahau kusema mlisoma hapa.

Wewe binti uliyeuliza swali, njoo usimame mlangoni, shika kalamu, tabasamu kidogo, maana kwenye ripoti wewe ndiye mhitimu wetu wa kwanza. (Msichana anasita. Mama anamshika mkono.) Mama, mwachie mtoto apigwe picha. Na wewe tazama huku kwangu, binti yangu. Usigeuke, huko nyuma hakuna kitu.