Soda Nyekundu Chini ya Vigae

Jumatatu, 3 Februari
Nimepoteza shimo. Limepotea leo saa tatu asubuhi, mbele ya mke wangu Bualai na mbele ya kibao nilichokipaka rangi mwenyewe: MGAHAWA WA SHIMO LA KALE. Wanaakiolojia wamekwenda kuchimba kwa jirani. Kwa Thongsai! Mtu asiyeweza kuchimba hata choo.

Hesabu ni rahisi. Wachimbaji kumi na wanne, milo miwili: sahani ishirini na nane za papai bichi la kutwanga kila siku, mwezi mzima. Bualai wangu alishaweka kinu chake getini. Sasa anasema abebe kinu avuke ua tu, akauzie huko. Nikakataa katakata. Tuna heshima zetu.

Nikamwuliza mkuu wao, Dk. Wilailak, uwanja wangu una kosa gani. Vigae vya vyungu vya kale vimejaa juu, kuku wanavikanyaga! Akasema hilo ndilo kosa lenyewe: vya kale hukaa chini, vipya juu. Akauliza, nimewahi kuchimba bwawa? Nimewahi. La kambale, kwa tingatinga, mwaka juzi. Udongo wa chini niliumwaga uwanjani.

"Basi baba," akasema kwa upole, "umeipindua historia, miguu juu."

Thongsai alicheka mpaka akakaa chini.

Jumanne, 4 Februari
Nilipindua mwenyewe, nitarudisha mwenyewe! Vigae ndoo sita. Nikaenda kwa Thongsai kuchungulia, nikijifanya naazima jembe. Ukuta wa shimo lao unaonyesha kila kitu: vyeusi chini kabisa, vya mistari katikati, vyekundu juu. Thongsai akanikaribisha kwenye makumbusho yake, akanitaka nikate tiketi. Hana haya.

Jembe nimelichukua kweli.

Jumatano, 5 Februari
Nimechimba nyuma ya migomba. Mita mbili! Lakini mimi si mshenzi, huwezi kutia jembe ardhini bila kumwomba yule mwenye ardhi asiyeonekana. Nikamfungulia soda nyekundu, kama desturi yetu, nikatia mrija, nikawasha ubani. Kijumba chake cha kuwekewa sadaka kiko mbali na jua lilikuwa kali. Nikamwekea soda mlemle shimoni, chini kabisa, asihangaike.

Kisha vyeusi, udongo. Vya mistari, udongo. Vyekundu, udongo. Nikashindilia kwa mchi wa Bualai. Jioni akauliza mbona mchi una mchanga. Nikasema viungo.

Ijumaa, 7 Februari
Nilimwita Dk. Wilailak aje na mwiko wake wa kuchimbia. Akaja, na Thongsai nyuma yake bila kualikwa. Vyekundu vikatokea. Vya mistari. Vyeusi! Thongsai akainama kuchungulia. Dakika tamu kuliko zote maishani mwangu.

Halafu mwiko ukagonga plastiki. Chupa ya soda, wima, mrija ndani.

Daktari akaifuta, akasoma tarehe: mwisho wa matumizi, mwakani. Akanieleza kama mtoto wa shule. Tabaka haliwezi kuwa la zamani kuliko kitu kipya kabisa kilichomo ndani yake, na kilichofukiwa juu yake kimefuata baadaye. Kwa hiyo vyungu vyangu vya miaka elfu tatu vimezikwa wiki hii.

"Ee jirani," Thongsai akadakia, "kumbe watu wa kale walipenda soda ya stroberi?"

Bualai akachukua mchi wake, akaunusa, akabeba kinu, akavuka ua. Sahani ishirini na nane, zote zimekwisha. Kibao changu pia kaenda nacho. Kinang'aa kwenye geti la Thongsai.

Jumamosi, 8 Februari
Nimetafakari kutwa. Nimeliona kosa: tarehe! Tarehe ndiyo iliyoniangusha, si kingine. Dukani wana soda nyekundu ya chupa ya kioo, haijaandikwa kitu.

Nimemwendea Dk. Wilailak na swali moja. Akaanza kunieleza habari za matabaka. Nikamkatiza: sitaki mhadhara. Chupa isiyo na tarehe, inahesabika au haihesabiki? Ndiyo au hapana, kesho kabla ya saa sita mchana.

Na aharakishe. Shimo la pili limeshafika mita mbili, na mwenye ardhi ana kiu.