Malalamiko Kuhusu Baba Mkwe Aliyekuwa Mbele Yetu Ziwani

Bunia, mtaa wa Bigo, Jumanne

Kwa Bwana Eugène, Prezida wa Kamati ya Mbio za Mitumbwi ya Tanga, Kasenyi

Bwana Prezida,

Na ndiyo sababu Jumamosi, katikati ya ziwa, nilikuwa ningali nimepiga magoti ulipoanza kunisomea kanuni. Hukuniacha nimalize. Uligeuza mtumbwi wa kamati ukaenda zako, nami nikabaki nikiueleza mgongo wako. Ulituachia neno moja tu: kwamba asiyeridhika aandike ndani ya siku saba, na kwamba injini ya zawadi itakaa katika depo ya kamati mpaka siku hizo zipite. Leo ni siku ya tatu, na mimi sikuridhika.

Labda hukunitambua, maana kilemba changu kilikuwa kimelowa na kunifunika jicho moja. Mimi ni Immaculée, mke wa Blanchard. Tumefunga ndoa siku ishirini na mbili zilizopita, na tangu siku hiyo sijaona kosa lake hata moja, ingawa dada yangu Débora ananisaidia kutafuta. Blanchard akinawa uso asubuhi, matone mawili hubaki kwenye nyusi zake, moja kila upande, na hayaanguki mpaka anywe chai. Akiita jina langu halikati kama watu wengine wanavyofanya. Hulitamka lote hadi mwisho, hata kama anataka chumvi tu.

Nikwambie mapema ninachotaka, usijisumbue kukitafuta katikati ya mistari: nataka injini ile. Blanchard hufuata samaki katika kambi za wavuvi kwa tanga, na mtu wa tanga hurudi upepo unapopenda. Kila juma hulala nje siku nne. Akiwa na injini, atafika Kasenyi saa tisa mchana, atapanda pikipiki, na kabla ya giza atakuwa Bigo, mbele ya sahani yangu. Nimepiga hesabu. Bila injini, katika mwaka wetu wa kwanza nitakuwa na mume kwa siku mia moja hamsini na saba. Padri hakututangaza mume na mke kwa siku mia moja hamsini na saba.

Sasa nayapanga malalamiko yangu.

1. Kuhusu ziwa. Kanuni yenu inasema kila mtumbwi uwe na watu wawili, nahodha na mshika kamba. Zamani mshika kamba wa Blanchard alikuwa Dany, lakini Dany sasa ana mtumbwi wake. Kwa hiyo Blanchard alinitazama akaniambia kwamba kamba nitashika mimi. Bwana Prezida, nimezaliwa Bunia. Maji mengi niliyokuwa nimeyaona mahali pamoja ni ya bidoni, lile dumu la kuchotea. Lakini Blanchard alinifundisha siku tano mfululizo, chumbani kwetu. Alifunga kamba kwenye pazia la dirisha, yeye akakaa kitandani kama nahodha, mimi nikasimama karibu na kabati. Akisema vuta, navuta. Akisema legeza, nalegeza. Chumba kile nilikiendesha bila ajali hata moja. Ndipo Jumamosi nikaingia mtumbwini na kugundua kwamba ziwa linatikisika. Nimesoma kanuni zenu mara mbili, nami nina diploma ya serikali: hakuna mahali palipoandikwa kwamba ziwa linatikisika. Kama kamati ilijua, kwa nini ilinyamaza?

2. Kuhusu filimbi. Bashi la zamani, turubai la tanga letu, lilikuwa limetoboka, basi tulishona tanga jipya kwa vitenge vilivyobaki vya arusi yetu. Vilibaki vingi, kwa sababu familia ilinunua vya wageni mia mbili na siku ile mvua iliwazuia wengi nyumbani. Tanga lilipopanda, shangazi zangu waliokuwa ufukweni wamevaa kitenge kilekile walianza kuimba wimbo walioniingizia kanisani. Blanchard akageuka akanitazama jinsi alivyonitazama mlangoni pa kanisa. Na ni hapo hapo mtu wenu alipopuliza filimbi. Mitumbwi kumi na moja ikaondoka. Siye wawili tulibaki tunatazamana. Nauliza kwa heshima: je, kabla ya kupuliza, ni vigumu kuhakikisha kwamba hakuna mshindani anayemtazama mwingine?

3. Kuhusu kelele. Hapa ndipo kamati inapopingana waziwazi na mafundisho ya ndoa. Mama Véronique, marraine wetu, yaani msimamizi wa ndoa, alinifundisha miezi miwili kabla ya arusi, na fundisho lake kubwa lilikuwa hili: "Bwana akipandisha sauti, weye tulia. Usishike kitu, usijibu kitu, mpaka ashuke." Nililiandika kwenye daftari na kulipigia mstari. Basi tulipofika mbali kidogo na ufuko, upepo ukaja, na Blanchard kwa mara ya kwanza katika maisha yetu akapandisha sauti. Alisema nivute kamba. Nikatulia. Akasema tena, kwa nguvu zaidi. Nikaiachia kamba kabisa, nikakunja mikono, nikayatazama maji kwa upole. Tanga lilipiga huku na huku, mtumbwi ukazunguka mara mbili, na mimi nilikuwa najivunia jinsi ninavyoilinda nyumba yetu. Baadaye Blanchard akaelewa. Akaja polepole mpaka sikioni pangu akasema mpenzi wangu, tafadhali, ile kamba. Niliivuta mara moja. Lakini wakati huo wenzetu walikuwa wadogo kama kuku. Naomba kamati ichague siku yenye upepo unaomruhusu mume kusema taratibu. Kama upepo wa namna hiyo haupo, basi kamati imwandikie Mama Véronique na kumweleza kwa nini inavunja kazi yake.

4. Kuhusu baba mkwe. Nakuomba usome sehemu hii ukiwa umekaa.

Baada ya hapo tulikwenda vizuri. Tanga letu, kwa sababu ya wale wageni wasiofika, lilikuwa kubwa kuliko yote, na lilipojaa upepo tuliwapita wenzetu mmoja mmoja. Tulimpita hata Dany. Tulipozunguka lile bidoni la njano mliloliweka kuwa alama, mbele yetu ulibaki mtumbwi mmoja tu. Blanchard alikuwa anacheka kwa furaha, nami nilikuwa naiona injini, naona sahani mbili mezani. Kisha nikaona ni nani aliyekuwa katika mtumbwi ule. Alikuwa Muzee Lucien, baba yake Blanchard, baba mkwe wangu, pamoja na shemeji yake Michée aliyemshikia kamba.

Wewe pia una wakwe, Bwana Prezida. Katika familia ya Blanchard, bibi-arusi hampiti baba mkwe njiani kama anavyopita mti. Husimama, hukaa pembeni, hupiga magoti, husalimu kwa mikono miwili, na hainuki mpaka muzee amemaliza kuuliza habari. Nami sikuwa nimemwona tangu siku ya arusi. Je, salamu yangu ya kwanza kwake katika ndoa iwe mgongo? Tena mgongo unaokimbia?

Niliachia kamba, maana nilihitaji mikono yote miwili, nikapiga magoti. Mtumbwi ukasimama. Muzee Lucien ni mtu wa adabu, hawezi kuiacha salamu ya mkamwana wake ielee peke yake, naye akamwambia Michée ashushe tanga. Akaniitikia. Akauliza kama paa letu la Bigo bado linavuja. Kisha akauliza lile jambo ambalo ni yeye peke yake anayelikumbuka: "Na mama yako, muguu yake iko namna gani sasa?" Mguu wa mama yangu si habari ya neno moja. Niliuanzia mwaka jana.

Michée aliomba tuharakishe kidogo. Muzee akamuuliza kama yeye ana haraka kuliko mguu wa mtu.

Wa nyuma walipofika na kuona mitumbwi miwili imeshusha tanga na bibi-arusi yuko magotini, walielewa kinachofanyika. Hakuna aliyelelewa vizuri ambaye angekatiza katikati. Wakashusha tanga wao pia, wakangoja. Tukawa mitumbwi kumi na moja imesimama katikati ya ziwa kama watu waliokuja kuchumbia. Maji yakatuchukua taratibu kuelekea mashariki. Tulipofika kwenye habari za daktari wa mifupa, simu yangu iliyokuwa ndani ya mfuko wa plastiki ililia: ni ujumbe wa kunikaribisha Uganda.

Hapo ndipo ulipotufikia na kipaza sauti chako, ukatutoa mashindanoni kwa kosa la "kuzuia mbio". Nasema kwa heshima zote: sikuzuia mbio. Nilisalimu. Mbio ndizo zilizokuja mahali nilipokuwa nasalimu.

5. Kuhusu Dany. Umehesabu kwamba mitumbwi iliyosimama ilikuwa kumi na moja. Wa kumi na mbili ni wa Dany. Alitupita sote, kifua mbele, akapunga mkono, akaenda kushinda. Kwa nini alipita? Kwa sababu Dany hana mke, kwa hiyo hana mkwe, kwa hiyo hakuna mtu duniani anayeweza kumsimamisha. Mshika kamba wake naye ni mseja. Kwa hiyo, Bwana Prezida, mashindano yenu hayapimi ujuzi wa tanga. Yanapima nani hana ukoo. Mkiendelea hivi, kila mwaka atashinda mseja, vijana wataona kwamba kuoa kunapunguza mwendo, na baada ya miaka kumi Kasenyi itakuwa na injini nyingi na haitakuwa na watoto.

Tena injini hiyo ataifanyia nini? Imrudishe haraka kwa nani? Mimi nimepita mbele ya nyumba ya Dany. Hata moshi hautoki.

Kutokana na hayo, naomba mbio zirudiwe, kwa masharti haya machache. Kabla ya filimbi, kuwe na saa nzima ya kusalimiana ufukweni, na saa mbili kwa wenye mama wagonjwa. Mababa wakwe wote waondoke wa mwisho, ili wasiwe mbele ya mtu. Kama hawatakubali, nami nawaelewa, basi ziwa ligawanywe sehemu mbili kwa kamba ndefu, upande mmoja wakwe, upande mwingine sisi tuliooa na kuolewa kwao. Kama kamba ya namna hiyo haipatikani, mababa wakwe wapewe ziwa lingine; nchi yetu haina upungufu wa maziwa. Na kwa habari ya Dany, asishiriki tena mpaka aoe, na aoe katika familia yenye mtumbwi. Wakati tukimtafutia mchumba, injini itunzwe na wanandoa wapya wanaokaa mahali pakavu. Bigo ni pakavu, ukiacha lile paa.

Najua wewe ni mtu wa haki, kwa sababu hata uliponitoa mashindanoni ulisema "samahani, madame". Nakusalimu sana, na unisalimie Mama Élise wako, wazee wote wa kamati, mtu wa filimbi ambaye simchukii, wanawake wanaoanika samaki pale mlipo, walioniazima kanga kavu, na hata Dany. Muzee Lucien akipita hapo, mwambie kwamba sehemu ya mguu iliyobaki nitammalizia.

Wako mwenye heshima na matumaini,

Immaculée, mke wa Blanchard

Nyongeza, Ijumaa. Bwana Prezida, barua hii ilikuwa imekwisha kunjwa, tayari kupewa motari wa pikipiki, Blanchard alipopata safari ya ghafla ya Jumatano. Hakuwa na mtu wa kumshikia kamba. Nikaenda mimi. Tulipakia samaki, na wakati wa kurudi upepo ulikatika kabisa. Mchana mzima hatukusogea. Tulikula mahindi ya kuchoma chini ya kivuli cha vitenge vyetu vya arusi, na kwa kuwa hapakuwa na upepo, Blanchard alisema nami kwa sauti ndogo kuanzia saa sita mpaka saa kumi na moja. Sijui kama Mama Élise amewahi kukaa mahali ambapo mumewe hawezi kwenda popote, hana wageni, na simu haina mtandao. Mwambie ajaribu.

Nilimsomea barua hii. Aliisifu, hasa pale penye nyusi. Kisha nikamuuliza, bila wazo lolote, mimi nitashika nini siku injini itakapofika. Akafikiri, akanijibu ukweli, kama kawaida yake: "Injini iko na kamba moja tu, ile ya kuwasha. Ile nitavuta mimi mwenyewe."

Bwana Prezida, mpe Dany injini yake. Mpe leo, usingoje siku ya saba, upepo usije ukakubadilisha mawazo. Mbio zisirudiwe. Mababa wakwe wabaki katika ziwa hili hili. Barua siichani, kwa sababu Blanchard ameipenda, lakini uisome kama salamu tu. Kabla mwezi huu haujaisha tutakuja kukutembelea nyumbani kwako Kasenyi, siye wawili, kwa tanga. Kwa hiyo siku naweza kukuahidi, saa siwezi.