Dizeli ya Kumleta Mama

Jumatatu, 8 Septemba

Dizeli au petroli? Nimelitafakari swali hili tangu Pasaka, na kila nikilikaribia jibu, jibu hujitenga. Nimesoma. Nimelinganisha. Petroli huwashwa kwa cheche. Hilo akili yangu inalikubali. Dizeli haihitaji cheche. Hewa hubanwa ndani ya chuma mpaka iwe moto, na mafuta yakinyunyizwa humo huwaka yenyewe. Nimeyasoma maelezo hayo chuoni, wanafunzi wakifanya zoezi, nikahisi kile ambacho mtu hukihisi kanisani.

Jambo lenyewe, hata hivyo, si la kinadharia. Mama yuko Bumbuli peke yake tangu Baba alipofariki na mashine yake ya kusaga ikafungwa. Sasa amekubali kushuka Tanga. Atakaa, amesema, na binti atakayemfikisha bila kutapika. Barabara ya Soni hadi Mombo ni kona juu ya kona; Mama huanza kunusa ndimu kabla gari halijaondoka. Mdogo wangu Dorkasi, wa Chumbageni, anacho kigari cha petroli. Mimi, wa Ngamiani, ninayo leseni.

Dorkasi amekwisha kununua godoro la Mama. Ameniarifu kwa simu, bila kuulizwa.

Jumanne, 9 Septemba

Nimekwenda kwa Mundhir, Mpemba auzaye magari yaliyotumika hapa Ngamiani. Analo gari refu la dizeli, la kijivu, lenye umri wa kupiga kura. Nikamwambia nataka kulijaribu Jumamosi, hadi Tongoni. Tongoni iko kusini. Bumbuli iko milimani, upande mwingine kabisa. Sikusema uongo. Nilisema nataka, sikusema nitafika.

Mundhir akasema dizeli ni gari la watu wenye subira, na kwamba subira ameiona usoni pangu. Nikaguswa. Kisha nikakumbuka kuwa Dorkasi naye alinunua kwake, nikampigia. Aliambiwa petroli ni ya watu wenye subira. Ushahidi huu umeniyumbisha.

Halafu akaliwasha. Sakafu ikatetemeka, bati likatetemeka, na chai kikombeni mwangu ikachora duara ndani ya duara. Nikaduwaa. Moto bila cheche, na mimi nimeushika kikombeni.

“Mwalimu wangu, wewe ushanunua,” Mundhir akasema. “Bado kulipa tu.”

Akaongeza jambo kuhusu betri: imechoka, nisilizime njiani. Sikumsikiliza vizuri. Nilikuwa bado naitazama chai.

Alhamisi, 11 Septemba

Mkakati. Dorkasi alipanga kumfuata Mama Jumamosi hiyohiyo. Nimemweleza kwamba Jumamosi Mama ana mazoezi ya kwaya, na kumkatiza kungekuwa kumkosea heshima. Aende Jumapili, baada ya ibada. Mama hajaimba kwaya tangu magoti yaanze kumsumbua, lakini mazoezi yenyewe yapo.

Dorkasi akasema: “Dada, wewe ukianza kuniita mdogo wangu kipenzi, nyumba inakaribia kuungua.”

Amekubali, hata hivyo. Mchana nilifundisha kuhusu uaminifu wa vyanzo vya historia. Sikuwatazama wanafunzi machoni.

Jumamosi, 13 Septemba

Naandika polepole. Nataka kukumbuka kila kitu kwa mpangilio.

Niliondoka alfajiri. Kutoka Mombo mlima ulisimama mbele kama ukuta, nami nikajiandaa kwa aibu. Haikuja. Gari lilipanda bila haraka na bila malalamiko, kona baada ya kona, bonde likizidi kuzama upande wangu, ukungu ukiwa chini yetu. Huko Soni maporomoko yalikuwa yakianguka palepale yanapoanguka siku zote, na mimi nikayaona kama mtu aliyeonyeshwa kwa mara ya kwanza. Nilimshukuru Mungu kwa sauti. Kisha nikamshukuru kwamba Dorkasi hayupo.

Nilipofika nyumbani sikuzima. Nikaliacha likiunguruma uani, nikaingia. Shikamoo Mama, marahaba mwanangu. Sanduku lilikuwa tayari. Akaniuliza mbona nimekuja leo na Dorkasi amempigia kuhusu Jumapili. Nikaulizia ndimu.

Tulipotoka, jirani yetu Bibiana alikuwa anaingia uani na ndoo ya mahindi kichwani. Nyuma yake mwingine. Kisha wengine, wakitokea migombani, wakishuka njia ya kanisani, kila mmoja na ndoo au kiroba. Hawakuelekea nyumbani. Walikwenda hadi kwenye kibanda cha mashine ya Baba, wakapanga ndoo mstari mbele ya mlango uliofungwa, kama walivyozipanga nilipokuwa mtoto.

Bibiana akatusalimu, akasema wamesikia mashine ya Mzee Fanueli.

Nikamweleza, kwa adabu, kwamba ni gari.

“Tunaliona, mwanangu,” akasema. “Lakini tumeshafika.”

Hakuna aliyecheka. Gari likaendelea kuunguruma, tuu-tuu-tuu, na ni kweli: ilikuwa sauti ileile, ya asubuhi zote za utoto wangu. Ningewezaje kutoisikia kwa Mundhir? Mama alisimama, ndimu mkononi, ameinamisha kichwa. Akalisogelea gari, akaweka kiganja juu ya boneti na kukiacha hapo. Nimesoma sana juu ya watu wa kale na vitu walivyovitukuza. Leo nimeona. Nilitamani kuvua viatu.

Kisha akauliza wanasagia wapi siku hizi. Soni, wakajibu. Kwa kubeba kichwani.

Mama akafungua fundo la kanga, akatoa ufunguo, akafungua kibanda.

“Ritha,” akasema bila kugeuka, “shusha hilo sanduku.”

Jumapili, 14 Septemba

Dorkasi amekwenda, amerudi, amepiga simu. Kigari chake hakikusikiwa na mtu. Alimkuta Mama kashika kitambaa, anafuta kutu, wanawake wakimshikia taa. Akatumwa kutafuta fundi.

“Dada, hukumfuata Mama wewe. Ulimpelekea mume wake. Sasa godoro nililalie mimi?”

Nimekaa na maneno hayo siku nzima. Bado nauona ule mstari wa ndoo.

Jumatano, 17 Septemba

Fundi ameamua: injini ya Baba imekufa. Mama ametuomba sisi mabinti tumnunulie mpya.

Nimepima yaliyotokea kwa makini na kufikia hitimisho, ingawa silitegemei sana. Kosa lilikuwa la dizeli. Kwa hiyo nitampelekea Mama injini ya petroli. Ndogo. Ya sauti ya chini. Bondeni hawataisikia, wateja watapungua, Mama atachoka, na kabla ya Krismasi atanusa ndimu kuelekea Ngamiani. Nimemwambia naichagua kwa upendo. Amenibariki kwa simu, kwa maneno marefu, nami nikaitika amina.

Limebaki swali moja, nalo si la mafuta. Je, namtaka Mama kwangu, au simtaki kwa Dorkasi? Na yule mwanamke aliyeweka kiganja juu ya chuma cha moto, ni nani aliyenipa haki ya kumshusha? Nilikusudia kulijibu usiku wa leo kwa uaminifu wote. Sitaweza. Nimesikia Dorkasi amekwisha kupata injini ya dizeli, na anapanda nayo kesho asubuhi. Sharti niwe Mombo kabla yake.