Kilobaiti Sitini na Nne na Kuku Mmoja

Jumamosi, 2 Agosti 2025

Ushindi! Nimerudi kutoka Lugari na kompyuta ya kale, Commodore 64, ndani ya gunia. Nzima! Mzee Barasa aliikuta darini, katika nyumba ya mzungu aliyelima huko zamani. Alidhani ni mashine ya kuhesabia magunia ya mahindi. Sikumsahihisha.

Ilitoka 1982. Kumbukumbu: kilobaiti sitini na nne. Umbo: kama mkate. Umeme wake unapitia kitofali cheusi kizito kinachokaa pembeni na kupata joto kama chapati. Mimi, Ignatius, fundi wa simu hapa Shirere, ndiye mtu pekee Kakamega anayejua haya. Mwalimu Clifford, mpinzani wangu, simhesabu.

Kwa nini naitaka? Maktaba inafungua Kona ya Kompyuta za Kale. Tarehe 23 kuna shindano. Mshindi anakuwa mlezi wa kona na kukabidhiwa ufunguo. Ufunguo! Tangu 2019 hakuna mtu aliyenipa ufunguo wa kitu chochote. Ule wa kanisa uliniponyoka chooni mara moja tu, lakini watu wa hapa wana kumbukumbu kushinda kompyuta. Hata ufunguo wa kabati la sukari, nyumbani kwangu mwenyewe, mke wangu, Mama Tracy, huuweka kifuani.

Barasa alitaka jogoo. Nikampa jogoo. Mama Tracy ameuliza jogoo yuko wapi. Nimemwambia ametoka kidogo.

Jumatatu, 4 Agosti

Mama Tracy amejua. Barasa alimpigia simu kumshukuru. Mzee mwenye adabu mbaya!

Kumbe jogoo yule alikuwa wa mwisho wa ukoo wake, ukoo uliotoka kwa mama mkwe wangu kule Iguhu. Waliobaki ni mayai tisa ambayo kuku alianza kuyalalia Jumamosi asubuhi, kabla sijaondoka na baba yao. Nilipojaribu kueleza kilobaiti, alisema kilobaiti haiwiki.

Mashine lakini inafanya kazi! Skrini ya buluu. Inasema imebakiza baiti 38911 kwa matumizi yangu. Nimeamua nisiizime hadi siku ya shindano. Kitu cha umri huu ukikizima kinaweza kukataa kuamka. Niliyaona kwa babu yangu.

Alhamisi, 7 Agosti

Msiba. Kuku ameacha mayai yake chini ya kitanda na kuja kukalia kitofali changu. Amekipenda kwa sababu ya joto. Nilimfukuza mara tatu, akarudi mara tatu.

Mama Tracy alikuja na beseni. Akaweka kitofali chini, majani makavu ya mgomba juu, mayai juu ya majani, kuku juu ya yote. Waya unatoka ubavuni. Juzi alikuwa akilalamika kwamba mashine inamaliza stima. Leo ametangaza kwamba atakayeizima atatafuta mahali pa kulala.

Nimehesabu. Siku ishirini na moja za kuangua zinaisha tarehe 23. Siku ya shindano! Kuku huyu ametumwa. Na nani? Clifford ana sura ya mtu wa kutuma kuku.

Jumanne, 12 Agosti

Nilipita kwa Mwalimu Clifford kumsalimia, yaani kumpeleleza. Alifundisha fizikia miaka thelathini na bado anakusahihisha ukimwambia habari ya asubuhi. Anaingiza shindanoni kompyuta ndogo iitwayo ZX81. Nilicheka mpaka nikakohoa. Kilobaiti moja! Shajara hii haienei humo. Haina sauti, haina rangi, na vibonye vyake havibonyei, ni karatasi ya plastiki tu.

Akanionyesha kisanduku cha kuongeza kumbukumbu kinachochomekwa nyuma. Kilobaiti kumi na sita. Na hapo ndipo mzee alipojimaliza mwenyewe. Alikiri kwamba kisanduku hicho kinalegea: ukitikisa meza kidogo tu, mashine inasahau kila kitu.

Niliaga haraka. Chai yake sikuimaliza. Kichwa kilikuwa kinawaka!

Jumapili, 17 Agosti

Mpango umekamilika. Raundi ya pili ya shindano, mashine inatakiwa kuandika KAKAMEGA kwenye skrini na kukaa hivyo dakika kumi bila kuzima. Mimi nitaleta ngoma ya isukuti.

Binamu yangu Joash ana kundi lake Shinyalu. Wapigaji watatu, wachezaji wanane, mabega kama injini. Wakikanyaga ile sakafu ya mbao ya maktaba, kisanduku cha Clifford kitacheza kuliko wao. Nimemwambia Madam Chepkorir, mkuu wa maktaba, kwamba ni burudani ya kukaribisha wageni. Alinishukuru kwa moyo wangu wa kujitolea. Niliona haya kidogo. Ikapita.

Joash aliuliza watakula nini. Nikasema ingokho, yaani kuku. Sikusema ingokho gani.

Ijumaa, 22 Agosti

Leo saa sita mchana, Mama Tracy akiwa sokoni, nilijaribu kukomboa kitofali changu. Nilikuwa na jiwe lililopashwa moto, limevikwa soksi. Ningelibadilisha tu, kuku asingejua.

Kuku alijua. Kidole gumba changu sasa ni kinene kama muhogo. Mama Tracy aliporudi alikuta jiwe sakafuni, soksi mlangoni na mimi juu ya meza.

Nikamsihi. Nikamweleza kuhusu ufunguo, yote, hata jinsi mzee wa kanisa anavyovuka barabara akiniona. Aliokota soksi. Kisha akasema sawa, nitapata kitofali changu, lakini hakitoki chini ya kuku. "Kuku akienda, naenda. Na beseni nitabeba mimi. Vitu vinakupoteanga, Baba Tracy."

Jumamosi, 23 Agosti

Naandika kwa mkono wa kushoto. Gumba.

Tulifika maktaba kwa mpangilio huu: mimi na kompyuta, Mama Tracy na beseni, kuku kichwa juu kama mgeni wa heshima. Watu walipiga makofi. Nilidhani ni yangu.

Raundi ya kwanza, maswali. Swali: Commodore 64 ikiwashwa inakuachia baiti ngapi? Langu hilo! Nilianza kwa historia ya kiwanda, kengele ikalia kabla sijafika kwenye namba. Clifford akaitaja. Swali: kichakataji cha ZX81? Clifford akasema Z80 hata kabla sijakohoa. Swali: ni nini waliambiwa wenye kompyuta fulani ya miaka ya themanini ilipogoma? Clifford akajibu kwamba waliambiwa waiinue kidogo kutoka mezani na kuiachilia, ili chipu zilizolegea zirudi mahali pake. Nikasimama nikasema huo ni uongo mtupu, hakuna mtu mwenye akili anayetengeneza mashine kwa kuiangusha. Madam Chepkorir akasema jibu ni sahihi na akaniomba niketi.

Sikujali. Raundi ya pili ndiyo ilikuwa yangu. Mashine mbili meza moja, beseni katikati. KAKAMEGA ya buluu kwangu. KAKAMEGA ya rangi ya majivu kwake. Saa ikaanza. Nikampungia Joash kitambaa.

Isukuti ikaingia! Sakafu ilinguruma. Vitabu vya hesabu vilianguka vyenyewe. Madam Chepkorir alivua viatu akaingia uwanjani. Meza iliruka. Na kisanduku cha Clifford? Kimya! Hakikutikisika hata unywele!

Nikainama kuangalia nyuma. Mzee alikuwa amekiziba kwa obusuma, ugali wetu. Obusuma wa jana, mgumu kama saruji, umepakwa pande zote nne. Alinitazama akatabasamu. Alisema fizikia, Ignatius.

Dakika ya nane. Nilikuwa nimekwisha. Kisha kuku akanyoosha shingo.

Kuku anayelalia mayai hula kwa nadra, na huyu alikuwa na wiki tatu za njaa. Aliona obusuma. Akaruka kutoka kwenye beseni, akatua kwenye ZX81 na kudonoa mara moja, mara mbili. Kisanduku kikacheza. Skrini ya Clifford ikasahau kila kitu alichowahi kuiambia! Nilipiga kelele ya furaha ambayo hata mchungaji wa kanisa letu aliisikia kule nje.

Ila kuku alipokuwa akiruka, mguu wake ulikuwa umenasa waya wangu. Skrini ya buluu ikafa. Niliuchomeka tena. Giza. Dakika ya tisa na nusu. Ningefanya nini? Nikaiinua Commodore juu, juu vizuri, nikaiachilia.

Vipande vingine bado havijapatikana.

Isukuti ilinyamaza. Katika kimya kile tukasikia mlio. Mwembamba. Pii. Wote tukageukia beseni. Yai moja lilikuwa na tundu, na ndani ya tundu mdomo. Watu walisahau kompyuta zote duniani. Hata Clifford alipiga magoti. Mama Tracy alilia, akisema huyo ni baba yake mtupu.

Madam Chepkorir alivaa viatu akatoa hukumu. Alisema mashine zote mbili zimezima. Lakini kuna mtu mmoja ukumbini aliyeitunza kompyuta ya kale siku kumi na sita bila kuzimwa, ikawa na faida kwa kiumbe hai. Akamkabidhi Mama Tracy ufunguo.

Mama Tracy! Hajui hata sitini na nne ni ya nini! Aliutia ufunguo kifuani, pamoja na ule wa sukari. Niliusikia ukigonga mwenzake. Nilitoka nje nikasimama peke yangu nyuma ya maktaba, na sitaandika nilichofanya huko.

Jumatatu, 25 Agosti

Vifaranga saba. Mama Tracy amekwenda kufungua kona. Asubuhi alinifariji. Alisema naweza kuja Jumamosi kupangusa vumbi, nikiacha viatu mlangoni. Nimewaza sana tangu jana na nimejifunza jambo kubwa: kosa lilikuwa la mashine. Ilikuwa ndogo.

Saa nne Barasa amepiga simu. Amekuta nyingine darini! Commodore 128! Kumbukumbu mara mbili, na ndani yake inaweza kujigeuza kuwa 64. Nikiipeleka pale maktaba, nani atakayebaki na swali kuhusu ufunguo? Anasema jogoo yule anakonda kwa upweke. Anataka kuku.

Nimefikiria kwa makini, kama dakika moja. Mashine hiyo haitumii kitofali cha 64, kwa hiyo kitofali hakina kazi, na kikichomekwa joto lake bado lipo. Vifaranga mimi sitawagusa, mimi si mnyama. Nimewawekea kitofali katikati ya beseni na kukifunika kwa soksi. Wamekisogelea wote saba.

Kuku yuko guniani, ametulia. Joash amepiga simu mara nne kuulizia ingokho wake, sijapokea. Nikiondoka sasa hivi nitarudi kabla maktaba haijafungwa. Mama Tracy hatajua.