Hotuba ya Kuwaliza Watu Siku ya Ndoa ya Nassra

Jumapili, 6 Oktoba

Toka Nungwi hadi Makunduchi hakuna mtu anayejua kuliza watu kama mimi, Borafya fundi feni. Kwenye ule mkutano wa mabomba, Michenzani, nilisimama nikasema maneno matatu tu, mhandisi akatoa leso. Maji yakatoka siku ile ile! Yalitoka ya kijani, lakini yalitoka.

Sasa Ijumaa nnamuozesha Nassra, mtoto wa marehemu kaka yangu. Baba yake hayupo, kwa hiyo walii wa kumuozesha ni ami yake. Ndiye mimi! Siyo Msabah. Msabah ni mjomba, kaka wa mama yake, na mjomba hana uwalii. Nimemkumbusha leo mara mbili. Akasema anajua. Nikamkumbusha ya tatu.

Ila ana jambo moja linanichoma. Harusi ya mwaka jana alitoa hotuba, ukumbi mzima ukalia, hadi mpishi. Basi Ijumaa na mimi natoa yangu. Tena itakuwa na Kiingereza ndani yake.

Jumatatu, 7 Oktoba

Nassra anasomesha Kiingereza skuli. Nimeazima kitabu kwake, kina sura nzima ya misemo ya kugusa nyoyo. Nikamwambia anifasirie. Sababu sikumwambia.

Wenzetu wana mambo! Mtu akikutia huruma, wanasema amevuta nyuzi za moyo wako. Moyo una nyuzi, kama udi wa taarab! Mwili ukikusisimka, wanasema umeota ngozi ya bata bukini. Mtu asiyeficha mapenzi yake, wanasema ameuvaa moyo kwenye mkono wa nguo. Nikamuuliza mkono wa kulia au wa kushoto. Akacheka mpaka akakaa chini.

Halafu akafunga kitabu. Akasema ana ombi moja kwangu. Mawalii wengi siku hizi wanamwachia sheikh ndiye aozeshe. Yeye hataki hivyo. Anataka nitamke mwenyewe, kwa mdomo wangu, kama ambavyo baba yake angetamka.

Nikamwambia, mdomo huu? Mwanangu, hilo tu?

Jumatano, 9 Oktoba

Hotuba nshaiandika. Kurasa nne! Humo nimeeleza kaka alivyonibeba begani toka Nungwi mpaka mjini, mie nina homa, yeye hana viatu, mvua inapiga.

Nimemjaribia mke wangu Mwanapili. Akauliza kwa nini hatukupanda gari. Nikamwambia magari hayakuwepo. Akauliza mwaka gani huo. Halafu akasema yeye anavyokumbuka, mie ndiye niliyekuwa mnene, marehemu alikuwa kama ufagio. Nikamshika mkono kutazama kama ameota ngozi ya bata. Akanifukuza jikoni kwa mwiko.

Jioni nimewasomea wa barazani. Ukurasa wa pili Hafiz muuza kahawa akasinzia, na kahawa ni yake! Msabah peke yake alisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema polepole kwamba kurasa nne zote nimeandika kaka, marehemu, ndugu yangu. Jina lake sijalitaja hata mahali pamoja.

Nikamwambia yeye hajui uandishi. Wivu mtupu!

Alhamisi, 10 Oktoba

Kurasa zimekuwa saba. Nimeongeza nyuzi za moyo mara tatu na papa mmoja.

Sheikh kanipa dakika mbili. Nitasoma mbio.

Ijumaa, 11 Oktoba

Siku yenyewe. Kanzu imenyooshwa, hotuba mfukoni.

Kabla ya kwenda msikitini nikaenda na mashahidi wawili kuchukua idhini ya bibi harusi. Amekaa, hina mpaka kwenye viwiko, kainamisha kichwa. Nikamuuliza kama ananiruhusu nimuozeshe kwa Talib bin Wakil wa Mpendae. Akajibu, "Nimekuruhusu, ami." Sauti ya baba yake kabisa. Mle chumbani mlikuwa na vumbi. Macho yangu na vumbi hayapatani.

Msikitini nikataka kuanza na hotuba. Sheikh akasema tuozeshe kwanza, hadithi baadaye. Haya. Nikaushika mkono wa Talib. Nikaanza: nimekuozesha mtoto wa ndugu yangu, Nassra binti...

Jina likakwama.

Sheikh akadhani nimesahau, akaninong'oneza jina. Kusahau! Jina la mtu niliyelala naye kitanda kimoja miaka kumi na mbili! Ila toka tulipomzika, mwaka wa tatu huu, sijalitoa mdomoni. Nikarudia. Nassra binti. Likakwama palepale. Mkono wa Talib umelowa, sijui jasho lake au langu. Watu wameanza kukohoa. Sheikh akaniuliza kama nimwachie yeye amalizie. Nikatikisa kichwa. Nimemuahidi mtoto!

Hapo Msabah akasogea kwa magoti mpaka ubavuni pangu. Akasema kwa sauti ya chini, "Taratibu, shemegi. Mwite tu, kama ulivyokuwa ukimwita mkienda kucheza."

Nikamkamata mkono wa kanzu yake. Nikavuta pumzi. Nikayasema yote, toka mwanzo, mashahidi wakasikia: Nassra binti Hamid.

Talib akasema amekubali. Mimi nikainama nikalia kama mtoto aliyeanguka mnazini. Nilipoinua kichwa, msikiti mzima unapangusa macho. Kurasa saba ziko mfukoni. Sijasoma hata mstari!

Jumamosi, 12 Oktoba

Baraza zima halina habari ila mimi. Nimewaeleza kwamba kile kilikuwa kipaji. Kunyamaza mara mbili kwa makusudi, kisha kupasua! Waingereza wenyewe hawajafika huko. Hafiz anamuoza binti yake mwezi ujao, nshamwambia hotuba ipo, haijatumika, na papa nitamfanya wawili. Amesema atafikiri. Amefurahi sana, nimemuona.

Mtu mmoja akauliza mkono wa kanzu ya Msabah ulilowa kwa nini. Msabah akasema mrashi ulimmwagikia, yale marashi ya kunyunyizia wageni. Nikasema wapi, mjomba wa watu alikuwa analia. Wakamcheka. Akanitazama, akanywa kahawa yake.

Humu hasomi mtu, basi niandike. Hakulia yeye. Ni mimi niliyejipangusa kwenye mkono wa kanzu yake. Na hayakuwa machozi peke yake.